Chati ya Merthyr: shajara ya klabu ya historia, Mtwara

22 Aprili 2024

Tumeanza. Wanafunzi sita wa kidato cha tano, meza mbili katika maabara isiyotumika, na bonge la makaa ya mawe ukubwa wa ngumi.

Bonge ndilo lililouzaa mradi. Kijana wetu wa Chikongola aliliokota kando ya barabara, limedondoka kwenye mojawapo ya malori yanayotoka Ngaka kule Mbinga, yakipita Songea, Tunduru na Masasi hadi bandarini kwetu. Akaliweka juu ya daftari langu la mahudhurio, likaacha doa jeusi ambalo halijatoka hadi leo. "Madam, huko yanakochimbwa haya, watu wanamchagua nani?"

Nilitaka tuanze na Mbinga yenyewe. Lakini makaa ya Ngaka yameanza kuchimbwa kibiashara 2011, kwa hiyo tungepata chaguzi kuu mbili tu, na chaguzi mbili hazijazi ukuta. Nikapendekeza Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales: jimbo la chuma na makaa ya mawe lenye matokeo ya kura tangu 1832. Mapinduzi ya viwanda wanayasoma darasani, sasa wayaone yakipiga kura.

Lengo: chati ya ukutani ya mita 4, na kijitabu cha kurasa chache. Mwisho wa Julai iwe ukutani. Wales hutamka "Tidvil", wanafunzi wameshaamua ni "Metha" na habari imekwisha.

29 Aprili

Kila mmoja amekabidhiwa kipindi chake. Cha kwanza kimekwenda haraka: kuanzia 1832 mbunge ni mmoja, Josiah John Guest, mwenye kiwanda cha chuma cha Dowlais, na alikaa bungeni mpaka alipofariki 1852. Akafuata Henry Bruce. Waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa wachache sana katika mji uliojaa maelfu ya wafanyakazi, na kura yenyewe ilikuwa ya kutamka hadharani, mbele ya macho ya tajiri wako. Wanafunzi walicheka. Nikawauliza nani kati yao angesimama amkane mwenye kiwanda, wakanyamaza.

Sheria ya 1867 ilibadilisha hali. Idadi ya wapiga kura Merthyr iliongezeka takribani mara kumi, na jimbo likapewa mbunge wa pili. Mwaka uliofuata Bruce akaangushwa, akaingia Henry Richard, mtu wa amani na wa makanisa yaliyokuwa nje ya kanisa la serikali. Huyo alidumu hadi kifo chake 1888.

6 Mei

Kimbunga Hidaya kimetupiga bila kufika Mtwara. Barabara ya Dar es Salaam imekatika upande wa Somanga, na manila nene na kalamu za rangi tulizoagiza zipo ndani ya basi lililokwama, au hazijapakiwa kabisa, mwenye duka anasema hivi leo na vile kesho. Kidato cha sita nao wako kwenye mtihani, maabara imechukuliwa. Tumekaa chini ya mwembe na kuchora rasimu kwenye migongo ya kalenda kuukuu. Kazi haikuwa mbaya. Mgongo wa kalenda unateleza, lakini unakulazimisha uandike kidogo.

13 Mei

Leo hatukusogea hata mstari mmoja, na ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote.

Binti yetu wa Mikindani, hodari wa hesabu, ameshika kipindi cha 1868 hadi 1918. Alikuwa ameingiza kwenye Excel matokeo ya 1900: D. A. Thomas kura 8,598, Keir Hardie 5,745, Pritchard Morgan 4,004. Kompyuta ikamjumlishia 18,347 na kumpa Hardie asilimia 31. Akaja kwangu na uso wa mtu aliyedhulumiwa dukani. "Madam, huyu ana asilimia 31 na ni mbunge. Huyu wa juu yake naye ni mbunge. Nani kashindwa?"

Nilianza kueleza kwa mdomo nikaona macho yanapotea. Nikatuma mtu dirishani kwa mama wa korosho. Vikombe vitatu vya chai tukaviandika majina: Thomas, Hardie, Morgan. Kila mwanafunzi akapewa korosho mbili, yaani kura mbili. Masharti: huruhusiwi kutia zote mbili kikombe kimoja, ila unaruhusiwa kutumia moja tu. Wakapita mmoja mmoja.

Tulipohesabu tukakuta Thomas 5, Hardie 4, Morgan 2. Jumla 11. Watu sita, korosho 12 zilizotolewa, moja haionekani.

"Nimeila," akasema wa Chikongola. "Sikumtaka mwingine."

Sikuweza kuwafundisha vizuri kuliko alivyowafundisha yeye. Baadhi ya wapiga kura wa majimbo ya wabunge wawili walifanya hivyohivyo, walimpa mtu wao kura moja na ya pili wakaiacha isimfae mpinzani. Kwa hiyo 18,347 ni korosho, si watu. Ukizigawa kwa mbili bado hupati idadi ya watu, kwa sababu hujui ngapi zililiwa. Safu ya asilimia tumeifuta kwa miaka yote ya wabunge wawili. Binti wa Mikindani aliumia, maana ilimchukua jioni nzima.

Kilichobaki kwenye vikombe ni kizito zaidi. Thomas alikuwa tajiri wa migodi, Mliberali. Hardie alikuwa Mskoti aliyeingia mgodini akiwa na miaka 10, sasa anasimama kwa niaba ya vyama vya wafanyakazi, na vita vya Makaburu anavipinga wakati nchi nzima inavishangilia. Wote wawili wakaenda Bungeni kwa jimbo moja, na wapo wengi waliowapa kura wote wawili, moja kwa bosi na moja kwa mchimbaji. Thomas mwenyewe hakupendana na Morgan, Mliberali mwenzake, na ilimfaa Hardie apite. Hardie wala hakuwa na muda na Merthyr: katika uchaguzi uleule aligombea pia Preston, kule Uingereza, akashindwa. Kura hazikupigwa siku moja nchi nzima, ndiyo maana aliwahi kuangushwa Preston na kuchaguliwa Merthyr.

(Pembeni tu, kwa sababu wanafunzi wameipenda: Thomas huyohuyo alikuwa ndani ya meli ya Lusitania ilipozamishwa Mei 1915, akatoka hai.)

Manila zimefika. Zimelowa pembe moja.

20 Mei

1915. Hardie amefariki 26 Septemba, uchaguzi mdogo ni 25 Novemba, na vita kuu vimeanza mwaka uliotangulia. Vyama vikubwa vimekubaliana visipimane nguvu wakati wa vita, hivyo kiti kilitarajiwa kubaki kwa Labour, chama cha wafanyakazi cha Hardie. Wachimbaji wakamteua James Winstone. Aliyeachwa, Charles Stanton, kiongozi wa wachimbaji wa Aberdare, hakukubali. Alijiuzulu kazi yake ya chama cha wachimbaji, akasimama mwenyewe kwa jina la kuunga mkono vita. Stanton 10,286, Winstone 6,080.

Kwenye kiti cha Hardie! Wanafunzi wamekasirika kana kwamba ni matokeo ya wiki iliyopita. Kijana anayeshika kipindi hiki aliandika kwenye rasimu: "Wananchi wakadanganywa." Nimemwambia afute. Watu elfu kumi walikuwa na watoto wao vitani na waliambiwa kumpa kura Winstone ni kuwatupa. Wenzake wa jukwaani walikuwa wapinga vita, na hilo lilitosha. Unaweza kusema walikosea, ila uandike walichokuwa wanakiogopa.

Ameandika upya. Sentensi mbili, nzuri.

27 Mei

Wiki ya mwisho kabla ya likizo. 1918 jimbo limepasuliwa: Merthyr upande huu, Aberdare upande ule. Stanton akachukua Aberdare, akaangushwa 1922. Mwaka huohuo Labour ikaingia Merthyr kwa R. C. Wallhead, na alipofariki, uchaguzi mdogo wa 1934 ukamleta S. O. Davies, mchimbaji wa tangu utotoni na kiongozi wa wachimbaji wa Dowlais. Miaka 38 kiti hakikumtoka. Kipindi chake kimeshikwa na mabinti wawili, na mmoja alikuja asubuhi hii akaniuliza kama inaruhusiwa kuweka kwenye chati ya uchaguzi jambo ambalo si uchaguzi.

Alikuwa amefika Aberfan.

Kijiji ndani ya jimbo hilo. Mgodi ulikuwa ukimwaga kifusi chake juu ya mlima, rundo baada ya rundo, na rundo namba 7 lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi. Asubuhi ya 21 Oktoba 1966, watoto wakiwa ndio kwanza wameketi darasani, kifusi kilicholowa kiliteremka kikaifunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Waliokufa 144, na 116 kati yao ni watoto.

Tulikaa kimya. Dirishani lori lilikuwa linapita.

Hoja ya binti ilikuwa kwamba mbunge wao alifika mbele ya baraza la uchunguzi akasema kwa muda mrefu alishuku rundo lile lingeweza kuteleza, na baraza halikumwamini. Lawama zilikwenda kwa shirika la taifa la makaa ya mawe. Halafu serikali ikachukua pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa rambirambi, fedha za michango ya watu, ili kuondoa marundo yaliyosalia. Davies alipinga, akajitoa kwenye kamati ya mfuko. Fedha zile zilirudishwa 1997, hazikuwa na nyongeza ya kitu. "Hii si siasa, Madam?"

Ni siasa. Mimi mwenyewe simwoni Davies shujaa mtupu katika jambo hili: kama alishuku, alikuwa mbunge, kwa nini hakupiga kelele mapema? Nimeiacha hoja hiyo kwao waigombanie likizo nzima. Kwenye chati, kati ya uchaguzi wa Machi 1966 na wa 1970, patawekwa vidoti 144, 116 vidogo na 28 vikubwa. Hakuna maelezo marefu.

5 Julai

Shule imefunguliwa Jumatatu, na wanangu sasa ni kidato cha sita, wanatembea kwa maringo. Jana Waingereza wamepiga kura. Kisanduku cha mwisho kwenye chati tulikiacha wazi makusudi tangu Aprili, na leo asubuhi wamekijaza: Gerald Jones wa Labour, Reform UK wa pili. Ila jina la jimbo nalo limebadilika, na hilo limetuletea kazi nyingine. Nitaandika baadaye.

8 Julai

1970, moyo wa chati.

Davies alikuwa amevuka miaka 80. Chama cha Labour cha jimboni kikaona mzee apumzike, kikampitisha Tal Lloyd. Davies akasema hapumziki. Akagombea bila chama, katika jimbo ambalo kwa karibu nusu karne aliyepitishwa na Labour alikuwa tayari kama ameapishwa. Davies 16,701, Lloyd 9,234. Tofauti 7,467.

Kijana wa Chikongola aliomba babu yake aje asikilize, kwa kuwa babu anasema alipiga kura 1965. Amekuja kwa bodaboda, kanzu safi, tukamwamkia shikamoo kwa zamu, akakaa karibu na chati na kuomba asomewe kuanzia juu. Wakati ule wa chama kimoja, TANU ilipitisha wagombea wawili kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Babu anakumbuka watu wa kijijini kwao waliokwenda kulipigia jembe kwa sababu tu ni wakulima. Wagombea wenyewe walijua, na wengi waliomba Mungu wasipewe nyumba.

Tulipomsomea habari za Davies alicheka mpaka akashika fimbo. "Huyo walimnyima jembe, wakamnyima na nyumba. Akaja na panga lake."

Kisha likaja swali nililolijua: je, kwetu inawezekana? Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Nikawaeleza habari za Mchungaji Christopher Mtikila, aliyeshinda Mahakama Kuu 1994, Bunge likabadili Katiba, akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni jambo la Bunge. Akaenda mahakama ya Afrika pale Arusha, na 14 Juni 2013 majaji wakaamua kwamba Tanzania imekiuka haki kwa kuzuia mgombea binafsi. Mtikila alifariki 2015. Babu alisikiliza yote kwa makini, kisha akauliza kama chai ipo.

15 Julai

Tumebishana saa mbili juu ya safu moja.

Jedwali letu lilikuwa na safu za kawaida: mwaka, mshindi, chama, kura, tofauti. Ukilisoma kuanzia 1922 kushuka, ni Labour, Labour, Labour, macho yanasinzia. Watu huita majimbo ya namna hiyo ngome, na kwa ngome humaanisha kwamba hakuna kinachotokea. Sikubaliani. Kinatokea, ila hakitokei siku ya kura. Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa hili, anayeijua presha ya kura za maoni anajua kuna majimbo ambayo Oktoba ni kukamilisha tu. Basi nikapendekeza safu ya sita: "Nani aliyempitisha?"

Imejazwa leo. Hardie 1900: mkutano wa wajumbe wa vyama vya wafanyakazi. 1915: wachimbaji walimpitisha Winstone, akashinda waliyemwacha. 1934: Davies, mtu wa shirikisho la wachimbaji. 1970: chama kilimpitisha Lloyd, akashinda waliyemwacha.

Mara mbili! Binti wa Mikindani akaona kabla yangu. Stanton na Davies, jedwali linawaweka kwenye mstari mmoja: wote watu wa wachimbaji, wote walikataliwa na wenzao, wote waliwashinda wenzao hao kwenye sanduku. Yeye anataka wapakwe rangi moja. Wa Chikongola hataki hata kusikia. Mmoja alipanda mgongo wa vita, anasema, mwingine alibebwa na watu waliomjua miaka 36, na ukiwapaka rangi moja ni sawa na kusema mvua na ndoo zote ni maji.

Nilipotakiwa kuamua nikasema rangi iwe moja. Chati ionyeshe kilichofanana, kijitabu kieleze kilichotofautiana. Najua wa Chikongola hajaridhika, na ana sababu: wapo watakaosoma chati na kijitabu wasikifungue. Tumempa yeye aandike ukurasa huo wa kijitabu.

1972, kwa kifupi. Davies alifariki Februari, uchaguzi mdogo ukafanyika Aprili. Ted Rowlands wa Labour 15,562, Emrys Roberts wa Plaid Cymru, chama cha Wales, 11,852. Kura 3,710 tu kati yao. Waliokwisha kuivuka Labour mara moja kwa ajili ya mzee wao hawakuona ugumu kuivuka tena.

22 Julai

Siku ya kunakili kwa kalamu nene, na kwa hiyo siku ya makosa. Mimi, mwalimu, nimeandika tofauti ya 1970 kuwa 7,647. Aligundua binti wa vidoti. Tumebandika kiraka cha manila, kinaonekana, na wamekataa kukificha: wanasema wageni waone Madam naye hukosea. Duka la kopi limetutolea kijitabu ukurasa wa 5 ukiwa kichwa chini, nakala zote 30. Wamekubali kurudia huo mmoja.

29 Julai

Imepanda ukutani, mita 4 na sentimita kadhaa.

Chini kabisa kuna mkanda unaoonyesha makaa yenyewe, na huo hatukuupaka kwa kalamu. Tulisugua bonge. Mkono ukichoka anapokea mwingine, unga mweusi unadondoka sakafuni, mikono yote, pea sita, imekuwa kama ya makuli. Mkanda unaanza 1832 na kukata 1989, mwaka ulipofungwa mgodi wa Merthyr Vale, uleule uliomwaga kifusi cha Aberfan. Pengo. Halafu kipande kifupi tena, 2007 hadi 2023: Ffos-y-fran, machimbo ya wazi juu ya mji, yaliyofungwa Novemba mwaka jana. Juu ya pengo na baada yake, safu ya chama inaendelea kusema Labour. Mgeni wa kwanza, mwalimu mwenzangu wa jiografia, alisimama hapohapo akauliza: makaa yamekwisha, mbona chama hakijaisha? Wanafunzi sita walimjibu kwa pamoja na majibu yalikuwa sita.

Na lile jina jipya. Jimbo lililopigiwa kura Julai hii linaitwa Merthyr Tydfil and Aberdare. Aberdare, iliyokatwa 1918, imerudi baada ya miaka 106. Kwenye chati tulikuwa tumeuchora mpasuko huo kama mto unaogawanyika, na mkono wa Aberdare tuliuacha uishie ukingoni mwa karatasi kwa sababu haukuwa wetu. Ilibidi tuongeze manila ya tisa pembeni, ile iliyolowa pembe, ili mkono huo uzunguke kwa chini na kuja kuungana tena kwenye kisanduku cha mwisho.

Kijana wa Chikongola ameomba bonge lake. Limebaki ukubwa wa limau. Anasema sasa anataka kujua habari za Mbinga, na kwamba chaguzi mbili au tatu zinatosha ukianzia na safu ya sita. Nimemwambia tuonane Jumatatu.